Mkono wa Apolena

Mwalimu Metod Kalina aliponyoa masharubu, mji wa Brno ulimcheka. Enzi hizo mwanamume wa umri wake bila masharubu alionekana kama mtu aliyetoka nyumbani akasahau kuvaa suruali. Silvestr, mpiga filimbi wetu, alimuuliza waziwazi mazoezini kama kinyozi alikuwa amelewa. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba Bi Apolena ndiye aliyemwomba, nasi tukapigana viwiko, maana kila mtu alijua habari za Bi Apolena. Tulidhani ni mambo ya mapenzi ya uzeeni. Na yeye mwenyewe alidhani hivyo hivyo, maskini.

Mimi ni mpiga besi, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama. Nilianza muziki nikiwa mtu mzima, mwenye mke, na vidole vilivyokwisha kuwa vya buluu kwa kazi ya kutia sufu rangi kiwandani. Padri wa parokia yetu alifungua masomo ya jioni kwa wafanyakazi, na Mwalimu Kalina, ambaye jina lake lilikuwa likiandikwa kwenye magazeti ya Praha, alikuja kutufundisha nota kama vile tulikuwa watoto wa mabwana. Nilichonacho kwenye muziki nimekipata kwake, baada ya Mungu. Mwaka aliponyoa masharubu ndio mwaka aliponiingiza kwenye okestra yake.

Yeye na Apolena walikua mtaa mmoja. Baba yake Metod alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Apolena alikuwa binti wa wafumaji, naye aliimba kwaya kwa sauti nyembamba iliyopanda juu ya sauti za wengine kama moshi wa ubani. Walipendana pale pale, juu ya roshani ya kwaya. Lakini mama yake Metod hakutaka msichana wa kiwandani nyumbani kwake, na Apolena akaozwa kwa msimamizi wa wafumaji. Metod alikwenda Vienna kusoma, akarudi na simfoni yake ya kwanza, utunzi mrefu wa okestra nzima.

Katika sehemu ya pili ya simfoni ile kuna filimbi. Inaanza chini, inapanda polepole, inasimama hatua moja kabla ya kilele, inarudi chini, kisha inajaribu tena. Watu wote waliowahi kuimba kwaya ile walijua ni sauti ya nani. Apolena alikaa ukumbini kando ya mumewe, mikono mapajani, akaisikiliza mpaka mwisho. Mumewe alilala usingizi.

Metod hakuoa. Mume wa Apolena alipofariki, alisubiri mwaka wa maombolezo uishe, akavaa koti lake zuri, akaenda kumposa. Akakataliwa. Apolena alimwambia kwamba hawezi kukaa nyumbani kwake, ila aje kila Jumapili baada ya misa, atamwandalia kahawa na mkate wa jibini. Metod hakuelewa, lakini alikubali. Alikuwa mtu wa kukubali.

Jumapili moja ya majira ya kuchipua, Apolena alimwambia kwamba ndege wa dirishani hawaimbi tena mwaka ule. Metod akageuka akatazama. Ndege alikuwa pale pale kwenye tawi, koo limejaa, anaimba.

Lilikuwa jambo linalojulikana mjini kwetu. Mashine za kufumia hula masikio. Wafumaji huanza kazi wakiwa watoto, na kelele ya chumba kile ni kubwa kiasi kwamba mtu hawezi kusikia sauti yake mwenyewe, kwa hiyo wanawake wale huzungumza kwa midomo tu. Ukipita mlangoni unaona midomo mia inachezacheza. Waliweza kumsengenya msimamizi huku amesimama katikati yao, akiwaza watu hawa wana bidii kweli. Masikio yao huanza kufa kwa sauti nyembamba, ndege na kengele ndogo na watoto, kisha ugonjwa hushuka.

Metod alimpeleka kwa daktari, naye akainua mabega. Hapo Mwalimu alifanya jambo ambalo mwanamuziki tu ndiye angelifanya. Alimketisha Apolena kando ya piano yake, akaanza kubonyeza kutoka sauti ya juu kabisa akishuka moja moja, na akamwomba anyanyue mkono pale atakapoanza kusikia. Apolena akanyanyua mkono. Mwalimu akakitia chaki kibonyezo kile, na tangu siku ile hakuandika sauti hata moja iliyo juu ya chaki. Kila sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, walirudia kipimo. Kila mwaka chaki ilihama kushoto.

Sisi hatukujua lolote. Sisi tuliona nota tu. Katika simfoni ya pili filimbi zilipewa mistari michache. Katika ya tatu hazikupewa hata mmoja, na fidla zilipiga kwenye uzi mnene mwanzo mpaka mwisho. Silvestr alikaa kwenye kiti chake amekunja mikono, akasema yeye sasa ni mlinzi wa filimbi, na kwamba angalau haibiwi. Upande wetu wa besi ilikuwa sherehe. Miaka yote kazi yetu ilikuwa kusindikiza wengine, kama mtu anayebeba mizigo ya harusi. Sasa wimbo wenyewe ulikuwa wetu. Nilikuwa nikirudi nyumbani namshukuru Mungu njia nzima.

Magazeti yaliandika kwamba Kalina analia kwa niaba ya taifa lisilo na uhuru. Profesa mmoja alisema kwamba giza lile ni falsafa. Mwalimu alisoma, akakunja gazeti, akawashia jiko.

Ndipo ikaja ya nne. Hii haikuwa na fidla kabisa. Ilikuwa na besi, na selo, yaani mdogo wake besi, na tarumbeta za sauti nzito, na ngoma kubwa, na ilianza na sisi wapiga besi peke yetu, chini kabisa, mahali ambapo sauti inakaribia kuwa mtikisiko tu. Siku ya kwanza ya mazoezi Mwalimu alisimama mbele yetu akatueleza kila kitu, habari za ndege na chaki na mkono. Hakuwa mtu wa kusema mambo yake. Alikuwa akitazama kijiti chake cha kuongozea muda wote.

“Mwaka huu amenyanyua mkono kwenye vibonyezo vya mwisho kushoto,” alisema. “Chini ya hapo hakuna piano. Hakuna kitu. Mwakani sitakuwa na mahali pa kumwandikia. Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu. Nataka asikie kazi yangu moja nzima kabla mlango haujafungwa. Hilo tu. Magazeti yatasema yatakavyo.”

Hata Silvestr, ambaye hakuwa na kazi na alikuja kwa heshima tu, aliinamisha kichwa.

Zoezi la mwisho lilifanyika asubuhi, siku moja kabla ya onyesho. Mwalimu alimleta Apolena ameshika mkono wake, na mimi niliweka kiti jukwaani, katikati ya besi, juu ya mbao, ili sauti imfikie kwa masikio na kwa miguu pia. Alikuwa mama mnene mwenye uso mwekundu na kitambaa cheusi kichwani. Aliniuliza kama mke wangu amepona kikohozi, akanitazama mdomoni nilipojibu, akasema anamshukuru Mungu. Nilimwombea pale pale, kimoyomoyo, maneno yale Bwana wetu aliyomwambia kiziwi: funguka. Niliomba kwa imani yangu yote.

Sasa lazima nieleze desturi moja ya kwetu. Pinde za wapiga nyuzi zisipokwenda pamoja, mmoja akivuta na mwenzake akisukuma, kiongozi huwaamuru wapige bila sauti. Upinde unapita hewani, juu kidogo ya nyuzi, bila kugusa. Vidole vinafanya kazi yake, mwili unayumba kama kawaida, na hakuna kinachosikika ila nguo na pumzi. Ni zoezi la mikono tu. Tulikuwa tukilifanya kila wiki.

Tulianza vibaya asubuhi ile, wenzangu wawili wakivuta tulipotakiwa kusukuma. Mwalimu alitusimamisha kabla sauti haijakaa. Alikuwa ameinamia karatasi zake, akasema, “Besi, bila sauti, mara moja, tangu mwanzo.” Akainua kijiti.

Tukaanza. Pinde zetu zikapita hewani pamoja, vizuri sana safari hii. Pembeni mwa jicho nilimwona Apolena akiziangalia. Aliweka kiganja kifuani. Akafumba macho. Akaanza kuyumba polepole, na machozi yakamtoka, yakashuka mashavuni bila yeye kuyafuta.

Sikujua nifanye nini. Mikono yangu iliendelea. Tulifika mwisho wa ukurasa, tukateremsha pinde, na yeye bado anayumba, macho yamefumbwa, anaisikiliza. Mtu mmoja kwenye tarumbeta alianza kucheka, akidhani ni mzaha, kisha akaelewa, akanyamaza. Mwalimu aliinua uso kutoka kwenye karatasi. Nilimwona akimwona.

Apolena alifumbua macho. Aliona wanaume wote wamegeuka wanamtazama, akafikiri wanangoja neno lake. Akatabasamu, akasema kwa ile sauti kubwa ya wafumaji wasiojisikia:

“Imenishukia mpaka mifupani, Metod. Nimeisikia yote.”

Mwalimu alishuka kwenye kijukwaa chake. Alikuja mpaka mbele ya kiti, kisha akamgeuzia mgongo, akaukabili ukumbi mtupu, na kwa sauti yake ya kila siku akamwita kwa jina la utotoni, “Lenka, leo ni siku gani?”

Nilitamani nimjibie. Mama wa watu alikuwa akiutazama mgongo wa koti lake huku bado anatabasamu.

“Lenka,” alisema tena, kwa sauti nzito zaidi, ile sauti ya vibonyezo vya kushoto. “Ni siku gani leo?”

Alipogeuka, tabasamu la Apolena lilikwisha. Alisoma usoni kwake kwamba kuna kitu kimesemwa. Wenzangu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakibeba ala zao kama watu wanaotoka kwenye nyumba ya msiba. Mimi ningeondoka pia, lakini Apolena alikuwa ameushika mkono wa koti langu, na hakuuachia.

“Tangu lini?” aliuliza Mwalimu.

“Ile ya pili niliisikia kama mashine zikiwa mbali. Mngurumo tu. Ulipoleta ya tatu, hata mngurumo ulikuwa umekwisha.”

“Ulinyanyua mkono. Kila mwaka ulinyanyua mkono.”

“Nilikuwa naangalia uso wako,” alisema Apolena. “Ulipokuwa ukishuka, ulikuwa ukizidi kuogopa. Nilipoona huwezi kuogopa zaidi ya hapo, nilinyanyua.”

Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya jukwaa. Kwa hiyo chaki ile iliwekwa na hofu yake mwenyewe. Simfoni tatu nzima aliziandika ndani ya mpaka uliochorwa na uso wake. Nadhani alikuwa akilifikiria hilo, kwa sababu alijigusa mdomo wa juu, mahali masharubu yalipokuwa.

“Na haya?”

“Yalifunika midomo. Ningekujibuje?”

“Ungeniambia, Lenka.”

“Ulikuja na karatasi mkononi. Ukasema, nimekuandikia kitu unachoweza kusikia. Ulikuwa umekonda kwa kazi ile. Ungekuwa wewe, ungesema nini?”

Kisha akauliza lile ambalo mimi ningemwomba Mungu asiliulize. “Siku ile nilipokuja na koti zuri?”

“Nilikuwa nimekwisha kuanza kutosikia,” alisema Apolena. “Nilijua mwisho wake, nilimwona mama yangu alivyokuwa kiziwi. Ningekaa nyumba moja na wewe, ungegundua kwa wiki. Ungenitazama mimi na piano yako kwa huruma mpaka tufe. Jumapili moja moja niliimudu.”

“Basi hukusikia kitu chochote nilichokuandikia.”

“Nilisikia ile ya kwanza.” Uso wake ulibadilika hapo. “Ile yenye filimbi. Kila mara wewe ukipiga hizi nyingine, mimi naiimba ile ndani yangu. Inapanda, inasimama, inarudi. Ndiyo ninayolilia, Metod. Hizi nyingine hata sijui kama ni nzuri. Ni nzuri?”

Apolena akanigeukia mimi, akautikisa mkono wa koti langu. “Wewe Vendelin, unayezipiga. Ni nzuri?”

Nilimwambia ni nzuri sana. Nilisema kweli, na bado nasema hivyo. Mwalimu alikuwa akiangalia sakafu.

“Ni giza tupu,” alisema, lakini hakuinua uso, kwa hiyo niliyesikia ni mimi peke yangu.

Onyesho lilifanyika kesho yake chini ya kiongozi mwingine. Watu walipiga makofi wamesimama. Mwalimu hakuja, na Apolena hakuja.

Baada ya hapo Mwalimu alijaribu kuandika tena kwa filimbi. Alimwita Silvestr nyumbani kwake, siku baada ya siku, akimwekea kikaratasi chenye mistari miwili ya nota. Silvestr anapiga, Mwalimu anasema siyo, anakipasua. Silvestr alinieleza kwamba mistari ile ilikuwa kama ya mwanafunzi, inapanda kwa sababu imeamriwa kupanda. Alimtania, akamwambia walau mlinzi amepata kazi. Mwalimu hakucheka. Kwa miaka mingi alikuwa amejizoeza kutosikia chochote juu ya chaki, na sasa alipokuwa akisikiliza huko juu, hakukuwa na kitu. Aliniambia mwenyewe siku nilipompelekea supu: “Mimi ndiye niliyekuwa kiziwi, Vendelin. Tofauti ni kwamba mimi nilijitia uziwi mwenyewe.”

Hakwenda tena kwa Apolena. Hakuwa na hasira naye, hilo najua. Aliona aibu, kama mtu aliyekuwa akimletea mwenzake chakula miaka yote na kugundua kwamba sahani zilikuwa tupu. Nilimsihi aende. Nilimwambia hata wakikaa bila kusema, Bwana atakuwa katikati yao. Alisema, “Nitakwenda nikipata kitu cha kumpelekea.”

Mimi na mke wangu tulipita kwa Apolena baada ya misa. Kila mara vikombe vilikuwa viwili mezani, na mkate wa jibini umefunikwa kwa kitambaa. Aliuliza kama Metod anakula, kama amekohoa, kama amefuga masharubu tena. Nilimjibu kwa midomo bila sauti, mke wangu amenifundisha, maana naye alitoka chumba cha mashine. Alijua kwamba ameyafuga. Alilisoma hilo usoni pangu kabla sijajibu.

Niliomba sana majira yale ya baridi. Nilifunga, nilisali rozari, niliwasha mishumaa kwa Mtakatifu Sesilia. Niliomba masikio yafunguke, hayakufunguka. Nikapunguza ombi, nikaomba filimbi irudi kwake, haikurudi. Nikalipunguza tena, nikaomba jambo dogo kabisa, kwamba mtu atembee mitaa mitatu Jumapili moja. Mwezi wa pili mapafu ya Mwalimu Kalina yalijaa maji, akafa Ijumaa, na Jumapili ikaja.

Siku ya mazishi baridi ilikuwa ya kupasua mawe. Alikuwa ameagiza pasipigwe chochote. Lakini Apolena alimwendea Silvestr langoni pa makaburi, akamwomba ile ya kwanza, ile ya filimbi tu, na Silvestr hakuweza kumkatalia.

Padri alipomaliza, Silvestr alitoa filimbi ndani ya koti, akaiweka mdomoni, akapuliza. Ikatoka pumzi. Alijaribu tena, ikatoka pumzi. Midomo yake ilikuwa imekufa ganzi na upepo ulikuwa ukipita moja kwa moja juu ya tundu. Vidole vyake vilikuwa vikienda mahali pake, kimoja kimoja, kwa uaminifu, lakini sauti haikuwapo. Alinitazama, nami niliona kwamba anataka kuacha.

Kisha akamwona Apolena. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kaburi, macho kwenye vidole vile. Kichwa chake kilipanda polepole mahali wimbo unapopanda, kikasimama hatua moja kabla ya kilele, kikarudi chini. Silvestr akaendelea kupuliza upepo mpaka nota ya mwisho. Watu wa nyuma, wasioelewa, walidhani ni desturi ya wanamuziki, wakavua kofia.

Vidole vilipotulia, Apolena alisema kwa sauti yake kubwa, iliyofika mpaka ukutani, “Asante, Silvestr. Metod angefurahi kuisikia.”

Udongo ulikuwa umeganda. Wachimba kaburi walianza kuutupa, na mabonge yakaanguka juu ya sanduku, moja baada ya jingine, nasi wenye masikio tukayasikia yote.